Turudishieni JOIN yetu

Leo nina manung'uniko, ndugu msomaji. Nivumilie.

Hapa Mugutha niliandika programu ndogo ya kusoma mita za maji katika nyumba za kupanga. Mita zinatuma usomaji kila saa, kwa hiyo nikachagua hifadhidata iliyotengenezwa maalum kwa data za namna hiyo. Lugha yake inafanana na SQL: ina SELECT, ina WHERE. Nikajiona nimefika!

Mwisho wa mwezi keateka akataka kitu rahisi tu: jina la kila mpangaji na jumla ya maji aliyotumia. Kwa SQL hiyo ni JOIN moja, SUM moja na GROUP BY moja. Kwa lugha ile, JOIN hakuna. Nikaandika lupu: vuta orodha ya wapangaji, uliza seva nyumba moja moja, zote 48, kisha jumlisha mwenyewe. Humo ndani nikasahau kulinganisha tarehe ya kuhamia. Mama mmoja aliyeingia katikati ya mwezi akaletewa bili ya maji ya mpangaji aliyehama.

Kosa ni langu, sikatai. Hata kwa SQL ningeweza kusahau. Lakini sharti hilo lingekuwa mstari mmoja mbele ya macho yangu, si sindano iliyofichwa kwenye mistari 60 ya lupu.

Najua utetezi wao. Data imetawanywa kwenye mashine nyingi, na JOIN ingezifanya zihangaike kutafutana. Ndiyo maana CQL, lugha ya Cassandra, haikupewa JOIN. Sababu hiyo ni ya kweli. Lakini kazi yenyewe haijatoweka, jamani! Imetupiwa mimi, niifanye polepole zaidi, huku data yote ikisafiri mtandaoni kwanza.

Tena mwishowe hukubali. SQL ilianzia IBM mwaka 1974, mikononi mwa Chamberlin na Boyce, na bado wanairudia. CQL ilipata GROUP BY kwenye toleo 3.10, mwaka 2017, tena kwa safu za ufunguo tu. InfluxData walibuni lugha yao, Flux; InfluxDB 3.0 ya mwaka 2023 ikaja na SQL, na Flux ikawekwa kando.

Dawa wanayo tayari. Ukiuliza CQL swali linaloweza kuchelewa, inakataa mpaka uandike ALLOW FILTERING, yaani ukubali kwa maandishi kwamba unajua gharama yake. Vizuri sana! Fanyeni hivyo hivyo kwa JOIN. Niwekeeni onyo, niwekeeni kikomo cha safu, lakini msininyime.

Pesa za yule mama nilirudisha kwa M-Pesa, kutoka mfukoni mwangu. Zangu atarudisha nani?