Mita Haifungi Duka

Wenye maduka na ofisi, nina neno nanyi. Kila mwezi nasikia kilio kilekile: LUKU haikai, uniti zinayeyuka. Kisha namwona mwenye kilio akimkaripia kijana wake kwa kusahau taa ya chooni, na juu ya kichwa chake kiyoyozi kinanguruma, mlango wa mbele u wazi ili wateja wasidhani pamefungwa.

Tufanye hesabu. Uniti moja ni wati 1,000 kwa saa moja. Taa ya LED ya wati 9 ikiwaka saa 9 haifikishi hata sehemu ya kumi ya uniti. Kiyoyozi cha dukani cha nguvu ya farasi moja na nusu hula wati kama 1,300 kompresa yake inapozunguka, na mlango ukiwa wazi kompresa haipumziki. Kwa saa hizohizo 9 kimekula karibu uniti 12. Umeme wa kiyoyozi wa siku moja ungeiwasha taa ile ya chooni kwa zaidi ya siku 140! Mkaripieni kijana mkipenda, lakini jueni anakaripiwa kwa senti wakati noti zinatoka mlangoni.

Sisemi watu wakae wakitiririka jasho. Joto la Februari la Dar es Salaam nalijua. Nasema fungeni mlango, safisheni chujio, pandisheni rimoti kutoka 18 hadi 25 na muwashe feni, ambayo hula wati 70 hivi. Mnaojenga, acheni kuelekeza vioo magharibi halafu mkanunua baridi ya kupambana na jua mlilolikaribisha wenyewe. Waliojenga Mji Mkongwe kwa kuta nene za mawe na chokaa, na dari za juu, hawakuwa na mita ya kuwaogopesha, ila joto walilijua.

Friji nazo. Ile ya kioo uliyoletewa na kampuni ya soda ni ya bure, umeme wake si wa bure. Bana karatasi mlangoni: ikichomoka bila kushikwa, mpira umekwisha. Friji ya soda izime usiku: soda hazidhuriki zikilala bila baridi. Maziwa na nyama usithubutu.

Lakini lililonifanya nishike kalamu ni usiku. Ofisini kwetu tulikuwa tukijisifu kwamba tunazima taa zote jioni. Siku moja nikaandika namba ya mita wakati wa kufunga, nikaisoma tena asubuhi kabla mtu hajagusa swichi. Uniti zilikuwa zimepungua, tena si kidogo. Mashine ya maji ya kunywa ilikuwa imekesha ikichemsha maji ya chai ya watu waliolala majumbani kwao, na fotokopi nayo iko macho inamsubiri mteja wa saa nane za usiku. Kwa miaka mingapi? Aibu ilinizuia kupiga hesabu.

Tusingojee kufundishwa na shida. Unguja ilipokosa umeme kuanzia Desemba 2009 hadi Machi 2010, mwenye jenereta hakuhitaji mhandisi wa kumweleza kifaa kipi ni mlafi: alikuwa akimimina mafuta kwa mkono wake na kuyaona yakishuka. LUKU imetuondolea macho hayo. Tunaingiza tarakimu 20, taa zinawaka, tunasahau.

Kwa hiyo leo, kabla hujafunga, soma uniti zilizobaki uziandike kwenye daftari la mauzo, chini ya hesabu za siku. Asubuhi soma tena kabla ya kuwasha hata feni. Tofauti utakayoikuta izidishe kwa 30, kisha kwa bei unayolipia uniti moja. Halafu zunguka duka lako, soketi moja baada ya nyingine, umtafute aliyekesha.