Kuizuru Andalusia kwa Mfuko Mdogo

Wapo miongoni mwa wasomaji wetu wenye jamaa huko Ulaya, ambao hudhani kuwa kuizuru miji ya kale ya bara lile ni anasa ya matajiri. Sisi hatuoni hivyo. Qur'ani inatuhimiza tutembee katika ardhi na kuzingatia habari za waliotutangulia, na mazingatio hayahitaji mfuko mnene. Tutoe mfano wa miji miwili ya Hispania iliyopata kutawaliwa na Waislamu: Córdoba na Granada.

Msikiti Mkuu wa Córdoba ulianza kujengwa mwaka 785, zama za Abdul-Rahman wa Kwanza, ukageuzwa kanisa mwaka 1236. Jumatatu hadi Jumamosi, anayefika saa mbili na nusu asubuhi kwa kawaida huingia bure kwa muda wa saa moja. Ila Muislamu haruhusiwi kuswali humo. Jambo hilo huuma, na ni vyema wazazi wawaeleze watoto kabla ya kuingia, wasije wakazozana na walinzi. Dhikri ya moyoni haina wa kuizuia.

Granada ndiyo iliyosalia mwisho, hadi ilipoanguka mwaka 1492. Tiketi za Alhambra huisha mapema. Zikatwe kwa mtandao wiki kadhaa kabla, tena kwa wasimamizi wenyewe, si kwa walanguzi. Pasipoti isisahauliwe, na saa iliyoandikwa ya kuingia majumba ya wafalme iheshimiwe. Aliyekosa tiketi asikate tamaa: Lango la Haki na kasri la Carlos V hutazamwa bila malipo. Jioni apande mtaa wa Albaicín hadi uwanja wa San Nicolás, aione Alhambra yote mbele yake. Kando ya uwanja huo upo msikiti uliofunguliwa mwaka 2003. Hapo kipaji kilichozuiwa Córdoba hupata mahali pa kusujudu.

Baina ya miji hii, basi kwa kawaida ni nafuu kuliko treni ya mwendo kasi. Julai na Agosti ziepukwe, kwani joto la Córdoba hupita nyuzi 40. Katika chakula, mkate, samaki na matunda ya sokoni hupunguza gharama na shaka. Maneno "cerdo" na "jamón" yajulikane kuwa ni nguruwe, na "manteca" mara nyingi ni mafuta yake, ambayo hutiwa hata katika vitamutamu.

Kuta za Alhambra zimejaa maandishi yanayokiri kwamba hakuna mshindi ila Mwenyezi Mungu. Wafalme walioyaandikisha waliondoka na funguo za mji zikakabidhiwa, maandishi yamebaki. Mtoto anayejifunza kusoma Kiarabu madrasa aachwe ayasome mwenyewe ukutani. Somo hilo litamfaa kuliko zawadi yoyote ya dukani.