Uso wa Pareja unajulikana, kazi yake bado

Kunako mwaka wa 1650, mjini Roma, Diego Velázquez, mchoraji wa mfalme wa Uhispania, alichora picha ya Juan de Pareja. Tarehe 19 Machi ilionyeshwa ndani ya Pantheon, na walioiona walistaajabu. Hata leo inastaajabisha: mwanaume mweusi, kola nyeupe, mkono mmoja umepita mbele ya mwili, macho yanamkabili mtazamaji bila woga. Hakuna marembo ya bure.

Lakini Pareja hakuwa rafiki aliyekuja kuchorwa. Alikuwa mtumwa wa Velázquez, mzaliwa wa Antequera mwenye asili ya Afrika. Alifanya kazi katika karakana ya bwana wake, na yeye pia alikuwa mchoraji.

Wapenzi wa sanaa husema kwamba picha hiyo ilimpa heshima. Sifa hiyo imezidi. Barua ya kumwacha huru ilikuja Novemba, miezi minane kiisha maonyesho, tena kwa sharti: atumike miaka minne zaidi. Yaani mtu ambaye sura yake ilisifiwa Pantheon alibaki mali ya mtu mwingine hadi 1654. Kuna hadithi ya zamani kwamba mfalme Philip IV ndiye aliyeamuru aachiliwe alipoona ufundi wake. Ni hadithi tamu, ila barua hiyo ya Roma inaikanusha.

Akiwa huru, Pareja alichora kwa jina lake. Picha yake kubwa ya 1661, Yesu akimwita Matayo, iko katika jumba la Prado, Madrid. Pembeni, upande wa kushoto, alijichora mwenyewe, ameshika karatasi yenye jina lake. Ni wangapi wanaoijua? Ile ya Velázquez iliuzwa mwaka wa 1970 kwa zaidi ya dola milioni 5, ikaenda Metropolitan, New York. Jumba hilo lilingoja hadi 2023 ndipo likamfanyia Pareja maonyesho yake.

Mkongomani anaifahamu shida hii. Kule Tervuren, Ubelgiji, vinyago vingi vya Kongo vina jina la kabila, pengine na la mzungu aliyevichukua, lakini la mchongaji halipo. Pareja walau aliandika lake. Basi kila anayeonyesha au kuchapisha ule uso wa 1650 aweke kando yake karatasi ile ya 1661.