Kopo la protini na sufuria ya makande

Swali lililotawala jumbe zenu mwezi huu si presha wala kisukari. Ni unga wa protini. Mmoja anauliza kama sheki itampunguza tumbo kabla ya harusi ya mdogo wake. Mwingine anacheza mpira na anataka maumivu ya misuli yaishe haraka baada ya mazoezi. Mama mmoja anataka kujua kama anaweza kumkorogea mtoto wake wa miaka miwili. Zamani makopo haya tulikuwa tukiyaona Dar es Salaam na Arusha. Sasa yapo Sumbawanga mjini, kwenye maduka ya vipodozi na kwenye jimu, na zaidi kwenye simu, ambako muuzaji ni jirani yako aliyejiunga na biashara ya mtandao na hakuna anayejua kopo limepitia njia gani.

Sina ugomvi na watu wa mazoezi. Desemba 2016, Samia Suluhu Hassan, wakati huo akiwa Makamu wa Rais, alizindua kampeni ya mazoezi na Jumamosi ya pili ya kila mwezi ikatengwa kwa kazi hiyo. Wapo waliodhani ni jambo la viongozi kupigwa picha wakiwa wamevaa raba. Lakini klabu za jogging zimeota mizizi mikoani, na sababu ipo: utafiti wa taifa wa afya na idadi ya watu wa 2022 ulikuta asilimia 36 ya wanawake wa miaka 15 hadi 49 wana uzito uliozidi au unene, kutoka asilimia 28 katika utafiti wa 2015-16. Anayeamka alfajiri kwenye baridi ya Ufipa mwezi wa sita kwenda kukimbia anastahili jibu la maana kuhusu anachokunywa akirudi.

Basi, unga wenyewe ni nini? Mwingi unatokana na maziwa. Maziwa yakigandishwa ili kupata jibini hubaki majimaji. Hayo huchujwa, hukaushwa na kutiwa ladha ya chokoleti au vanila. Ni chakula. Kipimo kimoja cha gramu 30 hutoa protini gramu 20 hadi 25, sawa na mayai manne hivi. Protini yake ni nzuri, humeng'enywa haraka na ina asidi amino zote ambazo mwili hauwezi kujitengenezea. Wengine hupata gesi na kuharisha, kwa kuwa watu wazima wengi wa kwetu hawamudu vizuri sukari ya maziwa.

Inafanya kazi? Kwa kiasi. Mwaka 2018 wataalamu walikusanya majaribio 49 yenye washiriki zaidi ya 1,800 waliokuwa wakinyanyua vyuma. Waliopewa nyongeza ya protini walijenga mwili kuliko wasiopewa, lakini tofauti kwa wastani ilikuwa gramu 300 tu. Na protini ya siku nzima ikishafika takriban gramu 1.6 kwa kila kilo ya uzito wa mtu, kuongeza zaidi hakukuleta faida ya ziada. Yale maumivu ya misuli ya siku ya pili na ya tatu, ushahidi kwamba sheki huyaondoa ni dhaifu. Wala si kweli kwamba usipokunywa ndani ya nusu saa umepoteza mazoezi yako. Kinachohesabika zaidi ni jumla ya siku.

Kuhusu kupungua, jaribio ambalo wauzaji hupenda kulitaja lilifanyika Chuo Kikuu cha McMaster, Kanada, na kuchapishwa 2016. Vijana 40 wa kiume walikula asilimia 40 pungufu ya mahitaji yao kwa wiki nne. Waliopewa protini nyingi walipoteza mafuta kilo 4.8, na waliopewa kidogo walipoteza kilo 3.5, tena wale wa kwanza waliongeza misuli kidogo. Matokeo mazuri. Lakini muuzaji hakusomei masharti: walifanya mazoezi makali siku sita kwa wiki na chakula chao kilipimwa. Kilichowapunguza hasa ni njaa na jasho. Protini ililinda misuli.

Sasa tuje kwenye sahani yetu. Chukua mtu wa kilo 70 anayefanya mazoezi mazito. Kile kiwango cha juu kwake ni gramu 112 kwa siku. Asubuhi anakunywa uji wa ulezi, glasi ya maziwa na mayai mawili: kama gramu 24. Mchana anakula ugali wa robo kilo ya unga na kikombe kimoja na nusu cha maharage yaliyoiva: gramu 42 hivi. Jioni ugali mdogo kidogo na gramu 50 za dagaa wakavu, gramu nyingine 44. Katikati ya siku ametafuna konzi ya karanga, gramu 7 au 8. Jumla inazidi 115, bila nyama na bila kopo. Asiye na mazoezi, ambaye anahitaji nusu tu ya hapo, anafika kabla ya jua kuzama.

Najua utaniambia protini ya mimea ni hafifu. Ni kweli mahindi yana upungufu wa asidi amino iitwayo laisini. Maharage yanayo kwa wingi, na ndiyo maana makande ni chakula chenye akili kuliko tunavyokipa heshima. Mwaka 2002 ilichapishwa taarifa ya watafiti waliofuatilia mlo wa vijana 12 wanariadha wa Kikalenjini nchini Kenya. Chakula chao kikuu kilikuwa mahindi na maharage, na walipata wastani wa gramu 88 za protini kwa siku, kiasi kilichowatosha kwa miili yao myepesi. Miaka miwili baadaye timu nyingine ilipima wakimbiaji wakubwa wa Kenya wakiwa kambini: ugali, wali, viazi, maharage, sukuma na maziwa, protini gramu 75 kwa siku. Hao ni watu waliokuwa wakishindana na dunia.

Na bei? Kopo la gramu 900 mara nyingi huzidi laki moja. Tuseme ni laki moja kamili: umenunua protini kama gramu 720. Tuseme kilo ya maharage ni shilingi 3,000, bei ya ukarimu kwa mkoa unaoyalima. Laki moja inakupa kilo 33, zenye protini zaidi ya gramu 7,000. Hata ukikata robo kwa kuwa protini ya maharage haimeng'enywi yote, bado ni mara saba.

Hapo ndipo watu wengi wanapochanganyikiwa, kwa sababu wanamjua mtu aliyepungua kweli kwa sheki. Ndiyo, yupo. Alibadilisha sahani ya kalori 700 kwa glasi ya kalori 150, mara mbili kwa siku. Angepungua vilevile kwa nusu sahani ya makande na mchicha. Niliwahi kumwona mwalimu aliyepungua kilo 9 kwa miezi miwili kwa namna hiyo: nywele zinakatika, choo kigumu, damu imeshuka, kizunguzungu akisimama mstarini asubuhi. Unga ule una protini, lakini hauna nyuzinyuzi za kutosha wala madini ya chuma ya maana. Aliporudia chakula, kilo nyingi zilirudi. Kinyume chake nako kupo: anayekunywa sheki juu ya milo yake, amesaga humo ndizi mbili, maziwa na siagi ya karanga, ananenepa na kushangaa. Wengine wameuziwa makopo ya kuongeza mwili, yaliyojaa wanga, wakidhani kila kopo lenye picha ya misuli ni la kupunguza. Kipimo kimoja cha makopo hayo kinaweza kuzidi kalori 1,000.

Lakini linalonifanya nitumie ukurasa huu wote ni yule mama na mtoto wake.

Rukwa ni ghala la mahindi. Inalima maharage, ulezi, karanga na alizeti, na ina samaki wa maziwa mawili, Tanganyika na Rukwa. Mkulima wa Ufipa anayetengeneza ntumba, yale matuta ya mviringo yanayofukia majani, hahitaji jimu. Hata hivyo utafiti uleule wa 2022 ulionyesha karibu nusu ya watoto wa Rukwa walio chini ya miaka mitano wamedumaa, wakati wastani wa taifa ni asilimia 30. Iringa na Njombe, wazalishaji wenzetu wa chakula, nao wako katika hali hiyo au mbaya zaidi. Tumbo la mtoto limejaa uji mweupe na ugali kwa mboga ya majani. Maharage yamepanda lori. Migebuka na dagaa wa Kasanga na Kirando nao wanasafiri, kwa kuwa mjini wana bei, na mayai yanauzwa ili kupata ada na sabuni. Simlaumu mama anayeuza mayai. Nauliza tu baba anapofanya hesabu ya mauzo, nani anatenga gunia la watoto.

Kule Malawi, jirani zetu wanaokula mahindi kama sisi, uchunguzi wa watoto 313 wa vijijini uliochapishwa 2016 uligundua kwamba waliodumaa walikuwa na asidi amino muhimu pungufu katika damu. Kwa hiyo protini inahusika. Ila usikimbilie kopo: nchi hiyohiyo, wilaya ya Mangochi, watoto wachanga walipewa yai moja kila siku kwa miezi sita na urefu wao kwa jumla haukubadilika. Kuhara, malaria, minyoo, mama mwenye upungufu wa damu akiwa mjamzito, mtoto anayeachwa kutwa nzima mama akiwa shambani, vyote vinavuta upande wa pili. Unga wa wanamichezo haukutengenezwa kwa figo za mtoto wa miaka miwili. Mpe maharage yaliyochujwa maganda na kupondwa, dagaa waliosagwa, yai ukiweza, na mafuta kidogo ya alizeti, mara nne au tano kwa siku.

Tahadhari moja kuhusu unga wa lishe tunaousaga wenyewe, ule wa mahindi, ulezi, soya na karanga kwa pamoja. Soya isiyochemshwa au kukaangwa vizuri huzuia protini kumeng'enywa. Karanga na mahindi vikiota ukungu vina sumukuvu. Mwaka 2016 Dodoma na Manyara watu zaidi ya 60 waliugua kwa sumu hiyo na karibu 20 wakafariki. Saga nafaka peke yake, kidogo kidogo. Karanga zichambue, uzisage na kuziongeza jikoni unapopika uji.

Nirudi kwa wanamichezo, hasa vijana wanaoota njia ya Alphonce Simbu baada ya ushindi wake wa marathoni ya dunia Tokyo, Septemba 2025. Maabara ya Cologne, Ujerumani, ilipima virutubisho 634 vilivyonunuliwa nchi 13 kati ya 2000 na 2001. 94 vilikuwa na viasili vya homoni ambavyo havikuandikwa kwenye lebo. Ni utafiti wa zamani, lakini sheria ya michezo haijalegea: kikikutwa mwilini ni chako, hata kama uliuziwa bila kujua. Kama unashindana na utapimwa, kopo la kwenye simu usiliguse. Kwa wengine wote, tangu Julai 2019 usalama wa chakula unasimamiwa na TBS, na TFDA ya zamani imekuwa TMDA ikabaki na dawa na vifaa tiba. Tafuta alama ya ubora, jina la mwingizaji na tarehe ya mwisho wa matumizi. Lebo iliyofutwa au kubandikwa juu ya nyingine, rudisha.

Wapo ninaowaandikia unga huu mwenyewe: mzee asiye na meno baada ya upasuaji, mgonjwa wa moto, mchezaji anayetoka uwanjani kwenda moja kwa moja kazini. Figo nzima haziharibiwi na viwango nilivyotaja. Shida ni kwamba wengi hawajui zao zikoje. Uchunguzi wa kaya mkoani Kilimanjaro uliochapishwa 2015 ulikuta asilimia 7 ya watu wazima wana ugonjwa sugu wa figo, na tisa kati ya kumi miongoni mwao hawakuwa wakijua. Ukiwa na kisukari, presha, au umri umepita miaka 40, pima kwanza presha, sukari, protini kwenye mkojo na kreatinini kwenye damu. Kapime kabla hujatuma hela kwa muuzaji.