Mguu wa mjomba na printa ya 3D

Nimekuwa kimya, testi zimenibana na bumu lenyewe bado halijaingia... Leo acha niseme la moyoni.

Jumamosi tulienda Kwihara, kwenye tembe alilokaa Livingstone, si mbali na hapa Tabora mjini. Mwaka 1872, baada ya kuagana na Stanley, yule mzee alikaa pale miezi mitano akisubiri wapagazi na vifaa kutoka pwani. Miezi mitano! Wenzangu wanapiga picha, mimi nikamkumbuka mjomba.

Mjomba analima tumbaku Sikonge. Alipata ajali ya pikipiki, mguu ukakatwa chini ya goti. Mguu wa bandia akaambiwa aufuate Dar. Akapanda treni, akajibanza kwa ndugu Mbagala wiki tatu, hela yote ya tumbaku ikaishia huko. Alivyorudi anatembea tulishangilia jamani. Miezi michache baadaye kigutu kikapungua (ndivyo vigutu vilivyo, hasa mwanzoni), kile kikombe cha plastiki kinachoingia kigutu kikaanza kupwaya na kumchubua. Sasa hivi mguu uko uvunguni, yeye yuko kwenye magongo.

Ndo maana mtu akiniambia printa za 3D hospitalini ni anasa ya Wazungu, namkatalia. Majirani zetu Uganda, hospitali ya CoRSU pale Kisubi, njia ya Entebbe, walishajaribu miaka kama kumi iliyopita wakishirikiana na Nia Technologies ya Toronto. Kawaida fundi anakizungushia kigutu plasta, anapata umbo lake, analichonga kwa mkono, halafu analifunika plastiki ya moto. Kazi ya siku kadhaa. Wao walipitisha skana ya mkononi kuzunguka kigutu, umbo likaingia kwenye kompyuta, fundi akalichonga humo humo, printa ikajenga kikombe tabaka juu ya tabaka. Unyayo na bomba la katikati bado vya kununua, tusidanganyane.

Mimi binafsi sivutiwi sana na ile kasi. Kinachonivutia ni kwamba umbo linabaki kwenye kompyuta. Kigutu kikipungua, au mtoto akikua, unapima tena, unarekebisha, unachapa kikombe kingine. Tena umbo linasafiri kwa intaneti! Moshi, pale KCMC, kuna chuo cha TATCOT kinachofundisha mafundi wa viungo bandia tangu 1981. Hebu fikiria hospitali yetu ya Kitete ina skana na printa. Mjomba anapimwa hapa hapa, fundi wa Moshi anasaidia kuchonga kwenye kompyuta, kikombe kinatoka Tabora, fundi wa hapa anamvalisha.

Najua mtasema umeme. Kweli, ukikatika katikati ya kazi kikombe kinaweza kuharibika, kwa hiyo betri ni lazima. Na kikombe kikimpasukia mtu anavuka barabara ni balaa, hivyo TMDA wana kazi yao hapo. Nikilazimishwa kuchagua kimoja, nachagua fundi kwanza, hata kama ni wa plasta. Mashine bila fundi tumeziona nyingi tu zimefunikwa shuka. Ila hoja ya kwamba Dar wajaribu kwanza, sisi tutafuata, hiyo siitaki. Reli ilifika hapa 1912 na mpaka leo mgonjwa mwenyewe ndo mzigo, anabebwa kwenda kufuata kitu pwani. Wapagazi wa Kinyamwezi walikwenda na pembe za ndovu, angalau wao walilipwa.

Likizo hii naenda Sikonge. Mjomba kaniagiza sponji nene ajazie kile kikombe, anataka asimame shambani mvua zikianza. Nimemwambia atachubuka zaidi, hasikii. Mwenye kujua fundi yeyote wa karibu na huku anaweza kumwangalia, anishtue mapema.