PWANI YETU SI JAA LA MABEPARI!

Ndugu wananchi, uko uchafu usionuka, na kwa sababu haunuki mtu hulala nao nyumba moja asijue. Twasema juu ya simu zilizokufa, redio zilizonyamaza, televisheni za chogo na betri za sola zilizokwisha nguvu. Tazameni uvunguni mwa vitanda vyenu. Tazameni nyuma ya majiko yenu. Vitu hivyo viliingia kwetu Mtwara kwa shangwe, fedha za korosho zilipolipwa. Je, vilipoharibika vilitoka? Havikutoka. Vipo, na vyangoja watoto.

Hivi karibuni tulikuwa katika kazi ya chama kusini mwa mji, kuelekea mdomo wa Mto Ruvuma. Katika kijiji kimoja tulimkuta mzee mvuvi amepasua betri kuukuu, anayeyusha risasi yake katika sufuria apate chubwi za mshipi. Mjukuu wake, mtoto wa miaka kama mitano, alikuwa akipepea moto. Maji makali ya betri yalikwisha mwagwa mchangani, hatua chache toka kwenye mikoko. Tulimwamkia, tukamwambia, "Babu, moshi huo ni sumu kwa mtoto." Akajibu, "Wajukuu zangu, nionyesheni basi mahali pa kuipeleka."

Tulinyamaza. Hatukuwa na mahali pa kumwonyesha.

Huo ndio ugomvi wetu wa leo. Hatugombi na mzee yule, wala na vijana wanaochoma nyaya ili wapate shaba ya kuuza kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Njaa haina mwalimu. Tunagombana na wale waliokula faida wakatuachia sumu.

Sumu hii si maneno ya kutishana. Risasi ikiingia katika damu ya mtoto hudhuru ubongo wake, na Shirika la Afya Duniani limekwisha sema kwamba hakuna kiasi chake kinachojulikana kuwa ni salama. Sisi tuliosomea ualimu twajua jinsi mtoto mzito wa kushika somo anavyochekwa na kuchapwa. Nani aliyewahi kuuliza mtoto huyo amevuta moshi gani nyumbani? Na kioo cha televisheni ya chogo nacho kina risasi ndani yake.

Tusidhani haya ni ya mbali. Pale Mombasa, katika mtaa wa makabwela uitwao Owino Uhuru, kiwanda kiliyeyusha betri kuukuu jirani na nyumba za watu. Watoto na wazazi wao wakakutwa na risasi damuni. Wananchi wale hawakulala. Walisimama pamoja na mama mmoja shujaa, Phyllis Omido, na mwaka 2020 mahakama ikaamuru walipwe shilingi bilioni 1.3 za Kenya. Lakini fedha haiondoi sumu katika mifupa ya mtoto. Heri kuzuia.

Mwaka 2022 dunia ilitupa tani milioni 62 za vifaa vya umeme na elektroniki, na hata robo yake haikuthibitika kukusanywa na kusafishwa kwa njia ya halali. Mkataba wa Basel, ambao Tanzania ni mwanachama, unasema tangu 1 Januari 2025 taka hizo zisivushwe mpaka bila ridhaa ya nchi inayopokea. Lakini wajanja hawakosi mlango. Kitu kibovu hubandikwa jina la "mtumba", kikaapiwa kwamba bado chafanya kazi, kikapita.

Sisi wa kusini mchezo huu twaufahamu tangu zamani. Mwaka 1947 Mwingereza alianza mradi wake wa karanga katika nchi hii. Matrekta yake mengi yalikuwa masalia ya vita yaliyonunuliwa Ufilipino, mabovu hata kabla ya kuligusa shamba. Mwaka 1951 akauacha mradi. Ile reli ya Mtwara hadi Nachingwea ikang'olewa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Bwana alikwenda zake, hasara ikabaki na mwenyeji. Je, tukubali tena?

Sheria tunazo. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inampa kila mtu haki ya kuishi mahali safi na salama, na inasema anayechafua ndiye alipe. Mwaka 2021 zikatoka kanuni za taka za vifaa vya umeme na elektroniki. Lakini sheria iliyolala kabatini haimponyi mtoto wa mvuvi.

Kwa hiyo twadai haya. Mwenye kuuza apokee kibovu anapouza kipya. Halmashauri zetu na Baraza la Mazingira waweke mahali pa kukusanyia, penye ulinzi na kibali, karibu na watu. Na vyama vyetu vya msingi vifungue milango: mizani inayopima korosho yaweza pia kupima betri kuukuu, na malori yanayobeba magunia yaweza siku moja kubeba sumu hii iende kwa wenye kibali.

Na sisi wenyewe, ndugu wanachama, tusijifiche nyuma ya makosa ya mabepari. Tusichome nyaya. Tusipasue betri. Anayetaka chubwi atumie jiwe, kama walivyofanya babu zetu. Kila tawi lihesabu vibovu vilivyomo majumbani mwa wanachama wake, na hesabu hiyo ipelekwe kwa diwani kwa maandishi, ili asije akasema hakuambiwa.

Siku tutakaporudi kwa mzee yule, yatupasa tuwe na mahali pa kumwonyesha. Tukirudi mikono mitupu, tusimtazame mjukuu wake usoni.

Umoja ni nguvu!