UCHAMBUZI: Kubahatisha tiba ya maradhi ya mkojo ni hatari isiyotambua mpaka

MTU anayehisi maumivu makali akienda haja ndogo katika mji wa Isebania, Kaunti ya Migori, ana njia mbili za mkato: kuingia katika duka la dawa lililo karibu, au kuvuka mpaka hadi Sirari, Tanzania, kutafuta tembe huko.

Njia ya tatu ni kupimwa mkojo katika maabara ili ijulikane ni kimelea gani kinachomsumbua, na ni dawa ipi inayoweza kukiangamiza. Hiyo ndiyo ndefu na ghali zaidi, na ndiyo yenye uhakika.

Uzito wa suala hili ulidhihirika mwaka wa 2024, wakati watafiti wa mradi wa HATUA, unaoshirikisha wanasayansi wa Kenya, Tanzania, Uganda na Uingereza, walipochapisha matokeo ya uchunguzi wao kuhusu maambukizi ya njia ya mkojo. Waliwapima wagonjwa 7,583 waliokuwa na dalili za maradhi hayo katika mataifa hayo matatu ya Afrika Mashariki.

Ni wagonjwa 2,653 pekee, yaani asilimia 35, waliothibitishwa na maabara kuwa na maambukizi hayo. Aidha, takriban nusu ya bakteria waliopatikana walikuwa sugu kwa makundi kadhaa ya dawa. Bakteria aina ya Escherichia coli ndio walioongoza.

Takwimu hizo zina maana gani kwa mgonjwa wa kawaida? Tuchukue watu 100 wenye dalili hizo, ambao wote wanapewa antibiotiki bila kupimwa. Watu 65 kati yao wanameza dawa ilhali maabara isingeona maambukizi ya aina hiyo. Miongoni mwa 35 waliosalia, kama 17 au 18 wana vimelea ambavyo huenda vikaishinda dawa hiyo.

Hii haimaanishi kwamba wale 65 wanajisingizia ugonjwa. Baadhi huenda walikuwa wamekwisha kumeza dawa kabla ya kupimwa. Wengine huenda wana maradhi ya zinaa kama vile klamidia, ambayo dalili zake hufanana na hizo lakini haionekani katika kipimo cha kawaida cha kuotesha vimelea. Hao wanahitaji tiba tofauti, na wenzi wao pia watibiwe.

Gharama ya kukosea si ndogo. Wanawake ndio huathirika zaidi kwa sababu mrija wao wa mkojo ni mfupi. Kwa mama mjamzito, maambukizi yasiyotibiwa ipasavyo yanaweza kupanda hadi kwenye figo na kumfanya ajifungue kabla ya wakati.

Isebania haikuwa miongoni mwa maeneo yaliyotafitiwa. Nchini Kenya, utafiti ulifanywa Nairobi, Makueni na Nanyuki. Hata hivyo, barabara kuu inayopita Sirari huelekea Tarime, Musoma na hatimaye Mwanza, mji ambao ulikuwa mojawapo ya vituo vya utafiti huo upande wa Tanzania. Bakteria sugu hawasimamishwi na afisa wa uhamiaji kuulizwa pasipoti.

Ni rahisi kuwalaumu wananchi kwa kujinunulia dawa kiholela. Sheria ya Kenya inataka antibiotiki ziuzwe kwa idhini ya daktari, lakini si siri kwamba kanuni hiyo hukiukwa mchana peupe.

Lakini uchambuzi mwingine wa mradi huo huo, uliochapishwa mwaka wa 2023 katika jarida la The Lancet Global Health, ulihusisha matumizi mabaya ya dawa hizo na umaskini wa namna nyingi, si ukosefu wa pesa pekee. Kibarua anayelipwa kwa siku hawezi kupoteza siku nzima kwenye foleni, kisha arudi baada ya siku mbili au tatu kuchukua matokeo. Kwake, tembe chache za kutuliza maumivu leo zina thamani kuliko ushauri mrefu wa kesho.

Kwa hivyo, kuwatuma polisi kufunga maduka ya dawa bila kuleta maabara karibu na mwananchi ni kukata matawi na kuacha mizizi.

Katiba ya 2010 iliweka vituo vya afya na maduka ya dawa katika majukumu ya serikali za kaunti. Migori na jirani yake Homa Bay hazina budi kuhakikisha kuwa sampuli ya mkojo inaweza kuchukuliwa katika zahanati ya mashambani, isafirishwe hadi maabara yenye uwezo wa kuotesha vimelea, na majibu yarejeshwe upesi kwa simu.

Kadhalika, majibu hayo yasiishie kwenye faili. Yakikusanywa, yatawaonyesha wahudumu ni dawa zipi ambazo bado zinafanya kazi katika eneo lao, na hivyo hata mgonjwa asiyeweza kusubiri atapewa dawa yenye nafasi kubwa ya kumponya.

Kenya na Tanzania zina mipango ya kitaifa ya kukabiliana na usugu wa dawa. Mnamo Septemba 2024, viongozi wa dunia katika Umoja wa Mataifa waliazimia kupunguza kwa asilimia 10, kufikia mwaka wa 2030, vifo vinavyohusishwa na usugu huo, ambavyo vilikadiriwa kuwa milioni 4.95 mwaka wa 2019.

Maazimio hayo yatapimwa katika miji kama Isebania. Mpaka ambao mataifa haya mawili yameweza kuushughulikia kwa pamoja kwa ajili ya malori na ushuru, unaweza pia kushughulikiwa kwa pamoja kwa ajili ya dawa na maabara. Wahenga walinena kuwa usipoziba ufa utajenga ukuta, na ufa huu tayari umepimwa.